Bilingani la Chuma

Mkono wa Mzee Hosoe bado umo mtungini. Wiki iliyopita tulimwacha amepiga magoti jikoni kwake, pumba za mchele za kuchachushia achari zimemfika kiwikoni na uso umemsawajika, kwa sababu alichokificha humo hakimo.

Alipapasa kushoto akakuta tango. Akapapasa kulia akakuta figili. Akazama hadi chini kabisa, akakuta bilingani, na bilingani jingine, na kitu kigumu ambacho alidhani ni jiwe. Konokono wake hakuwepo.

Wewe uliyeanza kutusoma leo usihangaike, nitakudokeza. Konokono huyu ni wa mti, na anaenea kwenye kiganja cha mtoto. Ni netsuke, kile kichongwa kidogo ambacho wazee wetu walikipachika juu ya mshipi wa kimono ili kamba ya mfuko wa tumbaku isiteleze, maana kimono hakina mfuko. Siku hizi hapa Takayama havivaliwi ila siku ya tamasha, lakini wapo wanaume wazima, wenye wajukuu, ambao wanavisaka vile vya kale kuliko wanavyosaka afya zao.

Hosoe ni mmoja wao. Sebuleni ana kabati zima la vioo limejaa panya, vyura na watawa wanaopiga miayo, na pembeni kuna kikombe cha maji ili vile vya pembe visipasuke kwa ukavu. Anayebadilisha maji hayo ni mkewe, Fusae, ambaye mtaa mzima tunamwita mama Sayo. Hosoe mwenyewe nadhani anaamini maji yanajijaza.

Mwaka juzi mama Sayo alichoka. Alimkalisha mumewe mbele ya picha ya marehemu baba mkwe, ubani unafuka, akamwapisha. Kiapo kilikuwa hivi: hakuna netsuke nyingine itakayoingia nyumba hii ila ile ya chuma ya baba, ile iliyopotea. Siku netsuke hiyo ya baba ikipatikana, msako umekwisha, kabati linafungwa na ufunguo unakwenda kwa mama Sayo. Naye mama akaapa upande wake. Akikuta nyingine yoyote, atapanda treni kwenda kwa dada yake Furukawa, na harudi.

Hiyo ya chuma ndiyo kisingizio cha Hosoe tangu ujana. Baba yake alikuwa na netsuke yenye umbo la bilingani, akaenda nayo kwenye tamasha la masika, akarudi amelewa chakari. Mfuko wa tumbaku ulikuwepo, bilingani halikuwepo. Tangu hapo mtoto analitafuta, au ndivyo anavyosema kila anapoleta chura mwingine nyumbani.

Masika haya alikwenda Nagoya kwa daktari wa macho, akarudi na konokono. Akamfunga kwenye karatasi ya mafuta na kumzika katika mtungi wa achari. Aliuchagua mtungi ule kwa hoja moja tu: yeye hajawahi kuufungua maishani mwake, kwa hiyo akaamini hakuna anayeufungua.

Basi huyo ndiye mtu wetu. Na sasa, mkono ungali mtungini, akasikia lango la nje linateleza, na sauti ya mkewe inawakaribisha watu.

Leo ilikuwa zamu yake kuwapokea wenzake wa chama cha wakusanyaji wa netsuke. Mama Sayo alikuwa ametoka sokoni na kukutana nao darajani. Hosoe aliutoa mkono, akaufunika mtungi, akajifuta kwa taulo la vyombo, akateremsha mkono wa shati na kukimbilia sebuleni kukaa kwenye takia lake. Alikaa kwa heshima kubwa. Harufu ya pumba ilikaa naye.

Aliyeingia kwanza ni Ushimaru, muuza sake, ile pombe yetu ya mchele, mwenye miwani minene, rafiki yake tangu shule ya msingi na mshindani wake tangu siku ya pili. Nyuma yake walikuwa wengine wawili ambao katika hadithi hii hawana kazi ila kunywa chai, kwa hiyo sitawasumbua kwa kuwapa majina.

Ushimaru alikaa, akanusa, akanusa tena.

"Mzee mwenzangu, leo umeamkia jikoni?"

"Nilikuwa napita tu."

"Ukapita na mkono."

Hosoe alimtazama kwa jicho baya. Akilini mwake mwizi alikwisha kupatikana. Ni Ushimaru huyu huyu ambaye Hosoe mwenyewe alimsimulia siri ya konokono na maficho yake, kwa kujigamba, walipokuwa wakinywa. Na ni Ushimaru huyu huyu ambaye juzijuzi aliomba kwenda msalani, na njia ya msalani inapita jikoni, na alikaa huko muda ambao hakuna msala unaoustahili.

Lakini angesema nini? Kumshitaki mwizi ni kukiri kwamba kulikuwa na mali, na mama Sayo alikuwa hatua chache tu nyuma ya mlango wa karatasi, anatia chai. Akanyamaza na mchezo ukaanza.

Mchezo wao ni huu. Kila mmoja huleta netsuke moja, huiweka chini ya kitambaa, na mwenzake hufumba macho na kuipapasa. Kidole gumba hutafuta kwanza mashimo mawili ya kupitishia kamba, maana kisicho na mashimo ni pambo tu, hakijawahi kuwa netsuke. Kisha hutafuta mahali palipolika kwa kuvaliwa. Kisha anayepapasa hutoa hukumu kwa sauti nzito, na wengine hupinga. Wanaweza kufanya hivyo hadi chakula cha mchana, na wake zao wanashukuru.

Hosoe, kwa kukosa la kufanya, aliweka chura wa zamani. Ushimaru alifumba macho, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa hapo hapo.

"Chura huyu namjua kuliko ninavyoijua miguu yangu. Tuliahidiwa mgeni."

Hosoe alikohoa. Akasema mgeni hajisikii vizuri. Ushimaru akauliza, kwa upole ambao ulikuwa uchokozi mtupu, kama mgeni amelazwa mahali penye chumvi. Hosoe akaona sasa hana shaka, mtu huyu anamcheka kwa mali aliyomwibia.

Hapo mlango ukateleza na mama Sayo akaingia na sinia.

Aliwawekea wageni chai, na kila mmoja kisahani cha achari: figili, tango, na mabilingani yale madogo ya buluu ambayo Ushimaru huyasifu kila kiangazi hadi watu wanaona haya. Mbele ya mumewe aliweka bakuli lenye kifuniko. Akasema lake ni la peke yake, kwa kuwa mwenye nyumba hupewa kilicho bora.

Hosoe akafunua. Kulikuwa na vipande vya figili vilivyopangwa vizuri, na juu yake, anang'aa, konokono.

Mmoja wa wale wasio na majina alipaliwa na chai. Ushimaru ndiye aliyenyoosha mkono bila kuomba ruhusa, akamchukua konokono, akavua miwani, akafumba macho. Wakusanyaji ndivyo walivyo, nyumba inaweza kuwaka moto nao wakaomba kwanza kushika.

Kidole chake kilizunguka gamba polepole.

"Huyu amelelewa," alisema.

Wanachama wote wanalijua neno hilo. Mti unaosuguliwa na mkono wa mtu siku hata siku huota ngozi ya kung'aa ambayo hakuna dawa ya kung'arishia inayoweza kuileta. Wapo wazee wanaotembea na netsuke moja kwenye mkono wa nguo miaka nenda miaka rudi ili tu kuilea.

"Amelelewa na mkono wa kila siku," Ushimaru aliendelea, macho bado yamefumbwa. "Mkono laini, wenye mafuta mafuta. Si wako, Hosoe. Wako ungemkwaruza."

"Ni wangu," alisema mama Sayo.

Alikunja magoti na kukaa, akapanga mikono mapajani. Sikumbuki mtaa wetu kuwahi kumsikia mama huyu akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Baba Sayo, pumba zinageuzwa kila asubuhi, kwa mkono, kutoka chini kuja juu. Ukiziacha siku chache zinaoza. Miaka yote hii ulidhani zinajigeuza?"

Hosoe alivuta mkono wa shati kuficha pumba zilizobaki.

Mama akaeleza kwamba konokono alimkuta kesho yake tu. Alimvua ile karatasi kwa sababu karatasi inaharibu pumba, akamrudisha alipokuwa. Masika yote na kiangazi chote, kila akigeuza achari, alimgeuza na yeye. Alingoja mumewe aje aseme mwenyewe. Mume hakusema. Sasa alikuwa anawaomba wageni wamwie radhi, kwani ana safari.

Wote wakageuza shingo kwa pamoja. Kando ya mlango, karibu na viatu vyao, kulikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau.

"Treni ya Furukawa ni ya mchana," alisema. "Mimi kiapo changu sikivunji. Wanaovunja tunawajua."

Nimemtania Hosoe tangu mwanzo wa hadithi hii na nitaendelea kumtania, lakini hapo nilimhurumia. Aliogopa. Alitazama kabati, akatazama furushi, na kwa mara ya kwanza aliona ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofanya nyumba ile iwe nyumba.

Alianza kuomba msamaha, mama Sayo akamkata kwa upole. Akasema kabla hajaondoka kuna kazi moja, nayo ni kumfundisha mtu kugeuza pumba, maana mtungi ule ameurithi kwa mama mkwe na hautaozea mikononi mwake. Akawaambia wageni nao waje, kwani huyu peke yake atasahau.

Ndivyo wazee wanne walivyojikuta wamepiga magoti jikoni kuuzunguka mtungi, kama wanafunzi. Mama akakunja mkono wa nguo. Akawaonyesha mahali pa kutia chumvi, jinsi ya kuinua pumba za chini, jinsi ya kusawazisha juu na kufuta ukingo. Akamwambia mumewe ajaribu. Hosoe alijaribu, na mama akasema konokono angefanya vizuri zaidi.

"Na hiki usikitupe," aliongeza, akazamisha mkono na kutoa kitu cheusi. "Hiki ni chuma. Kinashika rangi ya mabilingani. Bila hiki yanatoka na rangi ya panya."

Alikisuuza kwa maji na kukiweka juu ya kifuniko cha mtungi. Kilikuwa cheusi tii, kizito, kimenenepa chini na kujikunja kikonyo juu. Kilikuwa na umbo la bilingani.

Mmoja wa wale wawili alivua kofia.

Ushimaru ndiye aliyepata sauti kwanza. Akamwuliza shemeji yake amekitoa wapi. Mama Sayo akajibu, huku akiitazama figili, kwamba alikikuta humo alipoolewa, na kwamba enzi zile bi harusi hakuwa mtu wa kumhoji mama mkwe.

Basi Ushimaru akaunga kisa chote pale pale, kwa furaha ya mtu anayefungua chupa. Baba mtu amerudi amelewa, ameliangusha mlangoni. Mama mtu amefagia asubuhi, ameona kipande cha chuma, na yeye alikuwa mtu asiyetupa hata kipande cha uzi. Anajua chuma kinafaa nini. Akakitumbukiza mtungini na kuendelea na kazi zake.

"Kwa hiyo hapa nyumbani ndipo lilipokuwa," alisema Hosoe. "Na nimelila."

"Kidogo kidogo," alisema mkewe. "Na wali."

Kisha akamgeukia, na utani ukamtoka usoni. Akamkumbusha kwamba kiapo kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ameuvunja, na kwa huo furushi limefungwa. Lakini kama hili ndilo bilingani la baba, upande wa pili umetimia. Msako umekwisha, kabati linafungwa leo, ufunguo anaupokea yeye, na kiapo kilichokwisha hakimpeleki mtu Furukawa. Kama silo, ni chuma tu, kinarudi mtungini na yeye anavaa viatu.

"Wewe ndiye mjuzi," alisema. "Lishike."

Hosoe alilichukua. Akafumba macho kama kwenye mchezo wao, na kidole gumba kikaanza kazi. Kilizunguka tumbo la bilingani, kikapanda hadi kwenye kikonyo, kikashuka mgongoni. Kikazunguka tena mara ya pili, taratibu zaidi. Ushimaru aliona machozi yanatoka chini ya kope zilizofumbwa, akageuza uso kwa adabu.

"Ni la baba," alisema Hosoe.

Mama Sayo aliinuka. Alikwenda kwenye furushi, akalifungua fundo, akatoa aproni yake na kuifunga kiunoni. Hosoe alilifunga kabati kwa mkono wake mwenyewe, panya na vyura na watawa wote ndani, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Konokono alisahaulika kwenye bakuli. Wageni walikula mabilingani yote, na safari hii walitafuna kwa heshima.

Sasa twende na Ushimaru, maana huko ndiko mambo yaliko.

Alishika njia ya kwao akivuka daraja, moyo mweupe, akijisifu kimoyomoyo kwamba yeye ndiye aliyefumbua fumbo. Mbele ya duka la vyombo vya nyumbani alisimama kupumzisha goti. Kando ya sufuria na visu vya jikoni kulikuwa na kikapu. Aliinama, akapandisha miwani, akainama zaidi.

Kikapu kilijaa mabilingani ya chuma. Yote yamenenepa chini, yote yamejikunja kikonyo juu, na yote ni ndugu wa lile Hosoe alilotoka kulililia.

Mwenye duka alitoka akamwuliza kama naye ana mtungi wa pumba. Akasema mwaka huu yanakwenda sana. Hata mama Sayo alichukua moja majuma machache yaliyopita, na akauliza jambo ambalo hakuna mteja amewahi kuuliza, yaani afanyeje ili chuma kipya kionekane cha kale. Alishauriwa akilaze kwenye chai nzito.

Ushimaru alinunua moja. Akarudi alikotoka, kwa mwendo ambao goti lake lilikuwa halijauona tangu tamasha la mwaka jana.

Alimkuta Hosoe peke yake barazani, miguu inaning'inia juu ya bustani, bilingani la chuma liko pembeni yake. Ushimaru alikaa, akahema, akatoa lake mfukoni na kuliweka kando ya lile. Mtu asingeweza kuyatofautisha, ila moja lilinukia pumba.

"Hosoe," alisema kwa sauti ya chini, "ligeuze hilo lako. Tafuta mashimo ya kamba."

Hosoe hakuligeuza. Hata hakulitazama.

"Halina," alisema. "Nilijua kidole kilipozunguka mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza? Mbona ulizunguka ya pili?"

"Sikutaka kufumbua macho."

Ushimaru aliyatazama mabilingani yote mawili. Kisha akauliza, si kwa uchokozi, kwa nini basi amesema ni la baba, akafunga kabati, akatoa ufunguo, kwa chuma cha dukani.

"Ungesema nini wewe? Lile kabati nimelitazama maisha yangu yote. Halijawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula." Hosoe alijifuta pua kwa mkono wa shati, ule ule wenye pumba. "Yeye anaamini ni la baba. Aendelee kuamini. Na wewe utafunga mdomo."

Ushimaru alivuta pumzi. Alikuwa na habari moja zaidi, nzito kuliko chuma, na ilikuwa inamwasha ulimini. Akamsogelea rafiki yake sikioni, akaanza kumwambia kwamba katika nyumba hii si yeye peke yake aliyedanganya leo.

Hakufika mbali. Nyuma yao mlango wa karatasi uliteleza.

Mama Sayo alikuwa amesimama kizingitini, ufunguo umechomekwa kwenye mshipi wake. Mkononi alikuwa na konokono. Alikuwa akimsugua bila kujijua, kidole gumba kikizunguka gamba taratibu, kama cha mkusanyaji wa siku nyingi. Kisha kidole kikashuka chini ya tumbo la konokono, kikakuta vitundu viwili vya kupitishia kamba, kikasimama hapo.

"Mashimo gani, baba Sayo?"